Upanga Unaofuata Kiganja: Kucheza Skyward Sword HD kwa Kuzungusha Mkono

Anayetoka kwenye vibanda vya PlayStation vya Mlandege au Chake Chake na kuingia kwenye Skyward Sword HD, gemu la upanga la mfululizo wa Zelda kwenye mashine ya Nintendo Switch, huja na mazoea mawili ambayo humponza mapema: kubonyeza harakaharaka, na kuamini kwamba akitumia nguvu nyingi adui ataumia zaidi. Gemu hili linasoma kiganja kimeelekea wapi na pigo linakwenda upande gani. Nguvu ya bega haihesabiwi. Mtu akilielewa hilo, gemu lililomtoa jasho jioni nzima huwa jepesi kwa ghafla. Asipolielewa, ataishia kusema kidhibiti kibovu, na mara nyingi kidhibiti hakina kosa lolote.

Tatizo linaanzia kwenye maneno yenyewe. Tukisema gemu limetolewa upya na sasa linachezwa kwa mwendo wa mkono, tunachanganya mambo matatu tofauti chini ya jina moja.

La kwanza ni mtikiso. The Legend of Zelda: Twilight Princess lilitengenezwa kwa ajili ya GameCube, mashine ya zamani ya Nintendo, likaja kutolewa mwaka 2006 kwenye Wii iliyoifuata pia. Ndani ya rimoti ya Wii mlikuwa na kipima mchapuko, kifaa kinachohisi rimoti inasukumwa kwa ukali gani, lakini hakijui vizuri imegeukia wapi. Kwa hiyo ukitikisa rimoti, Link, shujaa wa Zelda, anapiga upanga. Juu, chini au pembeni, matokeo ni yale yale: mtikiso umechukua nafasi ya kitufe. Na kwa kuwa Link alikuwa wa mkono wa kushoto na wachezaji wengi ni wa kulia, watengenezaji waliigeuza dunia nzima ya gemu kama iliyo ndani ya kioo, mashariki ikawa magharibi. Ndiyo maana ramani ya toleo la GameCube humpoteza mtu anayecheza toleo la Wii.

La pili ni kulenga. Rimoti ya Wii ina kamera ndogo ya infraredi mbele yake. Kile kijiti kinachowekwa juu au chini ya TV, ambacho wengi hudhani ndicho kinachosoma mkono, hakisomi kitu. Ni taa tu za infraredi, kundi moja kila upande, na kamera ya rimoti ndiyo inayozitazama na kupiga hesabu. Resident Evil 4 lilipohamia Wii mwaka 2007 lilipata ulengaji mzuri kwa njia hii, na Okami, lililozaliwa kwenye PlayStation 2 mwaka 2006, lilipofika Wii mwaka 2008 lilimpa mchezaji brashi ya kuchora hewani. Udhaifu wake ni mwanga. Dirisha lililo wazi nyuma ya TV, jua la alasiri likiingia, huifanya kamera ishindwe kutofautisha jua na taa zake, na mshale wa kulengea huanza kurukaruka. Kuteremsha pazia kunatosha.

La tatu ndilo linalotuhusu hapa: jairoskopu. Hii hupima kidhibiti kinazunguka kwa kasi gani, katika mihimili mitatu. Nintendo waliiongeza kwenye Wii mwaka 2009 kwa kifaa cha MotionPlus, na Skyward Sword la mwaka 2011 halikuchezeka kabisa bila ya teknolojia hiyo. Tarehe 16 Julai 2021 gemu hilo likarudi kwenye Switch likiitwa Skyward Sword HD, kazi ikiwa imefanywa pamoja na kampuni ya Tantalus ya Australia. Picha sasa zinakwenda fremu 60 kwa sekunde, na Joy-Con mbili, vidhibiti vidogo vya Switch vinavyovuliwa pembeni mwa mashine, zimeshika nafasi ya rimoti na nunchuk, kidhibiti cha mkono wa pili cha Wii: ya kulia ni upanga, ya kushoto ni ngao. Mfululizo wa Zelda haukuwa na hisia hii ya upanga unaofuata kiganja nukta kwa nukta mpaka lilipokuja gemu hili, na ndiyo sababu linastahili kuelezwa peke yake.

Sasa liko jambo moja ambalo, likieleweka, hueleza karibu kila malalamiko. Joy-Con haioni TV. Kile kijidirisha cheusi kilicho chini ya Joy-Con ya kulia ni kamera kweli, lakini gemu hili haliitumii. Switch haina kijiti cha taa cha kuweka juu ya TV. Joy-Con inajua kuzunguka kwake tu. Ukiigeuza nyuzi 30 kulia, inajua imegeuka nyuzi 30 kutoka pale ilipokuwa, lakini haijui pale ilipokuwa palikuwa wapi ndani ya ukumbi wako.

Na hesabu hiyo ya kujumlisha mizunguko hubeba kosa. Tuseme jairoskopu inakosea kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi kila sekunde. Ni kidogo mno, lakini baada ya dakika moja ni nyuzi 6, na baada ya dakika 5 ni nyuzi 30, yaani upanga kwenye skrini unaelekea pembeni ilhali mkono wako uko mbele. Kwa kupanda na kushuka, kipima mchapuko husaidia: mvutano wa dunia huvuta chini daima, kwa hiyo mashine ina kipimo cha kujisahihisha. Kwa kulia na kushoto hakuna msaada huo, kwa sababu ukigeuka kama mlango unavyogeuka kwenye bawaba, upande wa chini haubadiliki. Ndani ya Joy-Con hamna dira ya sumaku. Hapo ndipo upanga unapoteleza.

Dawa yake ni kitufe cha Y. Elekeza Joy-Con ya kulia katikati ya TV, mkono umetulia, kisha bonyeza Y. Kwa mashine, hapo ndipo mbele. Kosa la kawaida ni kuibonyeza katikati ya purukushani huku mkono uko pembeni. Mashine nayo hukubali kwamba pembeni ndiko mbele, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Wachezaji wazuri hubonyeza Y mara nyingi sana, bila ya kufikiri: kila wanapoingia chumba kipya, kabla ya kurusha mshale, kabla ya kumrusha Beetle, kile kifaa cha Link kinachoruka kama mdudu. Haina gharama yoyote, kwa hiyo hakuna sababu ya kuionea haya.

Ikiwa upanga unateleza haraka mno, ndani ya sekunde chache tu baada ya Y, basi sahihisha vihisi vyenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya Switch, sehemu ya vidhibiti na vihisi, uchague kusahihisha vidhibiti vya mwendo. Vua Joy-Con kutoka kwenye mashine, iweke juu ya meza iliyo sawa, fuata kitufe ambacho skrini inakutaka ukishikilie, kisha usiiguse wala usiiegemee meza mpaka ikamilike. Mkeka au kochi haufai, na meza inayotikiswa na feni la pembeni pia haifai, kwa sababu mashine inajifunza utulivu ni upi, na ikifundishwa mtikiso itauchukua mtikiso kuwa ndio utulivu. Joto nalo lina mchango: kosa la jairoskopu hubadilika kadiri kifaa kinavyopata moto. Wakati wa kaskazi, Joy-Con iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ikaingia ukumbini huhitaji kukaa kidogo izoee ndipo isahihishwe.

Tuje kwenye pigo. Mwanzo wake ni kusimama kwa utulivu. Mkono wa kulia mbele ya kifua, kiwiko karibu na mbavu, kifundo cha mkono kimelegea. Shikilia kitufe cha ZL ili macho ya Link yabaki kwa adui. Tazama upanga kwenye skrini: unafuata kiganja chako hata kabla hujapiga. Sasa peleka kiganja polepole upande wa kulia. Upanga umekwenda kulia, na hakuna pigo lililotoka. Kisha kata kwa haraka kwenda kushoto, mwendo mfupi wa kifundo, na usimamishe. Hilo ni pigo moja safi. Kuchoma ni kusukuma Joy-Con mbele, ncha ikiwa imeelekea kwa adui, na hapa wengi hushindwa kwa sababu hushusha kiganja wanaposukuma, mashine ikaona mkato wa kwenda chini.

Kinachoharibu zaidi ni pigo la kurudi. Mtu amekata kutoka kulia kwenda kushoto vizuri kabisa, halafu akaurudisha mkono kwa kasi ile ile ili apige tena. Mashine imeona mapigo mawili, na la pili limemkuta adui ameshaziba upande huo. Mkono uende haraka na urudi polepole. Kwa siku za mwanzo hili huchosha subira kuliko mkono, lakini ndilo linalotenganisha anayeshinda na anayebahatisha.

Waliokua wakiitazama kirumbizi, ule mchezo wa kupigana kwa bakora, wana mwanzo mzuri. Mchezaji hodari wa kirumbizi haangalii ukali wa pigo. Anaangalia bakora ya mwenzake iko wapi na upande upi wa mwili umebaki wazi, kisha anamvuta kwa ishara ya uongo. Bokoblin, adui wa kawaida wa Skyward Sword, anapigwa hivyo hivyo. Akiinua panga lake kulia, mkate kutoka kushoto. Akililaza juu ya kichwa, piga kutoka pembeni au chini. Kumpiga pale alipokinga ni kumfanya acheke na kukurudishia.

Ghirahim, mkubwa wa hekalu la kwanza, ndiye mtihani wa somo hilo, na kwa maoni yetu ndiye pigano lililopangwa kwa akili kubwa kuliko mengine mengi katika mfululizo huu wa magemu. Mwanzoni hana silaha. Ananyoosha mkono na kuufuatisha upanga wako. Ukipiga kuelekea pale mkono wake ulipo, anaudaka kwa vidole, na usipouchomoa atakunyang'anya. Watu hufadhaika wakaanza kutikisa ovyo, na yeye anadaka kila pigo. Njia ni hii: upeleke upanga polepole upande mmoja, ngoja mkono wake ukufuate hadi huko, kisha uzungushe kwa nusu duara, polepole bado, uuache mkono wake nyuma, na hapo ukate kwa kasi upande ulio wazi. Neno muhimu ni polepole. Ukizungusha kwa kasi, mashine huhesabu mzunguko huo kuwa ndio pigo lenyewe.

Maadui wengine ni mafumbo ya pembe. Deku Baba, lile ua lenye meno, hufungua kinywa kilicholala au kilichosimama, na upanga ufuate mstari wa kinywa. Skulltula lazima apinduliwe kwanza kwa mkato wa kutoka chini kwenda juu, tumbo likionekana ndipo achomwe. Staldra, yule nyoka wa mifupa mwenye vichwa vitatu, anataka vichwa vyote vikatwe kwa pigo moja; vikibaki viwili, kilichokatika huota tena. Subiri vijipange mstari mmoja, kisha ulaze kiganja kabla ya kukata, maana mkato wa wengi wanaodhani wanakata mlalo huishia kuteremka kwenye kona. Milango yenye jicho kubwa haifunguliwi kwa kupiga: jicho hufuata ncha ya upanga, nawe uchore duara nalo mpaka lipate kizunguzungu. Na huko Lanayru, eneo la jangwa ndani ya gemu, kuna maadui wenye fimbo za umeme. Upanga ukigusa fimbo hiyo, unaumia wewe.

Kuinua upanga juu, mkono umenyooka kuelekea darini, hujaza mwanga ndani yake, na pigo linalofuata huruka mbali. Wengi huinua mkono lakini Joy-Con ikabaki imelala kiganjani. Ncha yake ndiyo itazame juu. Pigo la mzunguko hutaka mikono yote miwili iende upande mmoja kwa pamoja, na la kummaliza adui aliyeanguka hutaka yote miwili ishuke pamoja huku ZL imeshikiliwa. Mkono wa kushoto ukichelewa, gemu litachukulia ni mkato wa kawaida.

Ngao hutoka kwa kuisukuma Joy-Con ya kushoto mbele. Ukiisukuma sekunde ile ile pigo la adui linapofika, unamsukuma nyuma na ngao haiumii. Ukiishikilia tu, kila pigo hula uhai wake hadi ivunjike. Ngao ya mbao huungua kwa moto. Ya chuma haiungui, lakini hupitisha umeme. Ukienda Eldin kwenye volkano chukua ya chuma, ukienda Lanayru jihadhari nayo. Na wale wanaopigana kwa hisia nyingi wakatikisa mikono yote miwili watajikuta ngao inatoka bila ya kuitwa. Mkono wa kushoto uwekwe juu ya paja, utulie.

Mabomu yana njia mbili. Ukirusha huku kiganja kiko juu, bomu linaruka. Ukikishusha chini na kukipeleka mbele, linaviringika, na ukisokota kifundo kidogo linapinda njia. Ujuzi huo wa kuviringisha unahitajika kwa Scaldera, dude la mwamba huko Eldin.

Nafasi ya kuchezea isipuuzwe. Simama au keti mita moja na nusu hadi mbili na nusu kutoka kwenye TV, na kila upande uwe na urefu wa mkono mmoja. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe upana wa vyumba ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vingi havizidi mita tatu hivi. Weka TV upande mfupi, ucheze kwa kufuata urefu wa chumba. Angalia pangaboi. Kuinua upanga juu ukiwa umesimama chini ya pangaboi lililofungwa chini ni hatari ya kweli, kwa mkono na kwa Joy-Con. Keti kwenye kochi au mkekani; gemu halijali umeketi au umesimama, kifundo kinatosha.

Mikanda ya mkononi ni ya lazima, hasa katika joto letu la jasho. Kila mkanda una alama ya + au −, nayo ilingane na kitufe kilicho kwenye Joy-Con. Ukiuingiza kinyume unakwama, na kuuvuta kwa nguvu huharibu reli. Jifute mikono kwa kitambaa kikavu kila baada ya pigano refu, kwa sababu jasho la chumvi huingia chini ya vitufe.

Asiyetaka mwendo kabisa, au ameumia mkono, anaweza kucheza kwa vitufe. Kijiti cha kulia, kile kinachosukumwa kwa kidole gumba, huwa ndio upanga: ukikisukuma kushoto, unakata kushoto. Hasara ni kwamba kijiti hicho ndicho kingekuwa cha kuzungushia kamera, sasa inabidi ushikilie kitufe cha L kwanza ndipo kamera igeuke. Ghirahim bado anachezeka hivi, na wengine humwona rahisi zaidi. Switch Lite haina Joy-Con za kuvua, kwa hiyo huanza kwa vitufe. Ukiunganisha Joy-Con za pembeni unaweza kupata mwendo, ila itafutie kitu cha kuiegemeza, maana haina mguu wa nyuma.

Kuhusu kununua vilivyotumika, wengi hapa Unguja na Pemba watakutana na Wii kabla ya Switch, kwa kuwa ni nafuu. Soma maandishi ya adapta kabla ya kuichomeka. Adapta ya Wii iliyotoka Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120, na soketi zetu zinatoa 230. Plagi ya kubadilishia umbo la miguu haibadilishi volti. Tafuta adapta ya Ulaya au Uingereza, inayotoa volti 12 na ampea 3.7. Pia Wii imefungwa kwa eneo: diski ya Ulaya haichezi kwenye Wii ya Japani. Switch haina shida hizo zote mbili. Adapta yake inakubali volti 100 hadi 240, na gemu la karibu nchi yoyote huchezeka. Lakini ukitaka picha kwenye TV, tumia adapta yake yenyewe, kwa sababu chaja ya simu ya volti 5 inaweza kuchaji taratibu huku kituo chake, yaani kitako kinachoiunganisha na TV, kikikataa kutoa picha.

Kabla ya kulipia Joy-Con iliyotumika, fanya majaribio mawili dukani. Iweke juu ya kaunta bila ya kuigusa uone kama Link anatembea peke yake. Akitembea, kijiti kimechakaa au kimeingia vumbi, na hilo ni tofauti kabisa na kuteleza kwa jairoskopu. Kusahihisha vihisi hakutaliponya, ni kubadilisha kijiti, kazi ambayo fundi mwenye bisibisi ya alama ya Y anaiweza. Kisha bonyeza Y, nyoosha upanga mbele bila ya kuutikisa kwa dakika nzima, uone umekwenda wapi. Kuteleza kidogo ni kawaida yake. Ukiwa umegeuka hadi ukutani, omba nyingine.

Umeme ukikatika ukiwa katikati ya hekalu, ichomoe Switch kwenye kituo chake, iegemeze mezani na uendelee. Toleo hili la HD hujihifadhi lenyewe, tofauti na la mwaka 2011 lililokutaka ufike kwenye sanamu ya ndege. Joy-Con zikijaa hukaa saa 20 hivi na huchukua kama saa tatu na nusu kuchaji. Zirudishe kwenye reli za mashine kila unapomaliza kucheza, na mashine iwe kwenye chaji, kwa sababu zikiachwa mezani hazijichaji.